Jinsi ya kuandika insha binafsi ya kuomba kusomea udaktari

Msomaji wa insha yako hakujui. Mbele yake ana alama zako, matokeo ya mtihani wa kujiunga, barua za walimu na orodha ya kazi ulizowahi kufanya. Huko kote wamesema wengine, au zimesema namba. Kwenye insha unasema wewe mwenyewe, na swali analolitafutia jibu ni hili: je, huyu anaijua kazi anayoiomba? Kwamba unapenda watu hilo halimsaidii, maana karibu kila mwombaji anaandika hivyo. Kwamba una akili, alama zimeshamwambia. Anataka kuona kama umeisogelea kazi ya udaktari ukaiona na uchovu wake, na makaratasi yake, na wagonjwa wasiopona, halafu bado ukaitaka.

Nimesoma rasimu nyingi za vijana wanaoomba nafasi hizi. Kinachoniuma kila mara ni kumkuta kijana aliyefanya mambo mazuri kabisa ameyafukia chini ya maneno makubwa ambayo yeyote angeweza kuyaandika. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwanza jua unaandikia mfumo upi

Watu wengi huanza kuandika kabla ya kusoma masharti, wakaja kukata nusu ya kazi yao usiku wa mwisho. Masharti yanatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na hata kati ya mfumo mmoja na mwingine ndani ya nchi hiyo hiyo.

Marekani udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vinavyotoa shahada ya MD, yaani shahada ya kawaida ya udaktari, hupokea maombi kupitia mfumo wa AMCAS, na insha yake binafsi haitakiwi kuzidi herufi 5,300. Katika hesabu hiyo kila nafasi, kila nukta na kila mkato vimo. Ni kama ukurasa mmoja na nusu. Vyuo vinavyotoa shahada ya DO, yaani udaktari wa mkondo wa osteopathia ambao nao humfanya mtu awe daktari kamili, hutumia AACOMAS, nako kikomo ni 5,300. Vyuo vya jimbo la Texas vina mfumo wao, TMDSAS, wenye herufi 5,000 kwa insha kuu na insha nyingine ya herufi 2,500 inayouliza kuhusu sifa na maisha yako binafsi. Kabla hujaandika hata sentensi moja, angalia kama chuo unachokitaka kinapokea waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu wa Marekani, kwa sababu vingi havipokei, na ni uchungu mkubwa kuligundua hilo ukiwa umeshalipa ada za maombi.

Uingereza wengi huingia moja kwa moja kutoka sekondari, na maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Zamani ilikuwa insha moja ndefu. Kuanzia wanaoingia chuo mwaka 2026, insha hiyo imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusomea fani hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kingine cha kujiandaa na kwa nini kina manufaa. Majibu yote matatu kwa pamoja hayazidi herufi 4,000, na kila jibu lisipungue 350. Unaruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya udaktari kati ya nafasi tano ulizonazo, na vyote vinasoma maandishi yale yale. Kwa hiyo usitaje jina la chuo hata kimoja. Mwisho wa kutuma ni tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza.

Tofauti hii inagusa hata namna ya kuandika. Msomaji wa Marekani anatarajia simulizi la mtu mzima aliyeshaishi kidogo na kufanya kazi kidogo. Msomaji wa Uingereza anataka uende kwenye hoja haraka: umesoma nini, umeona nini, umejifunza nini. Usichukue insha uliyoiandikia mfumo mmoja ukaipunguza ili iingie kwenye mwingine. Malighafi inaweza kuwa ile ile, ila maandishi yaanze upya.

Hatua ya kwanza: kusanya, usiandike

Chukua daftari, na kwa wiki moja au mbili usijaribu kuandika insha kabisa. Andika matukio. Ukianza na swali "kwa nini nataka kuwa daktari", kichwa kitakupa jibu ulilolisikia kwa watu: kusaidia jamii, kupenda sayansi, wito. Majibu hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini hayana sura ya mtu. Jiulize maswali yanayokurudisha mahali ulipokuwepo:

Ni mgonjwa gani, au mtu gani mwenye shida, ambaye bado unamkumbuka, na alisema nini hasa? Ni lini ulichelewa kwenda nyumbani bila mtu kukulazimisha? Ni kitu gani ulikiona hospitalini kikakuudhi? Ni lini ulijiuliza kama kazi hii inakufaa kweli? Ni jambo gani ulikuwa unaliamini kuhusu magonjwa au kuhusu madaktari, ukaja kugundua silo? Ni nani alikufundisha kazi ndogo, kama kupima presha au kuandaa sampuli maabara, na ulikosea wapi kabla hujaiweza?

Maswali mawili ya mwisho ndiyo yanayozaa zaidi. Mtu aliyebadilishwa mawazo na kitu alichokiona ana la kusimulia, na msomaji anaona akili yake ikifanya kazi.

Kwa kila tukio andika vitu vinavyoonekana: mikono yako ilikuwa inafanya nini, nani alikuwa chumbani, maneno gani yalisemwa. Kama lugha ya insha si lugha unayoiwazia, simulia kwanza kwa sauti kwenye simu yako, kwa lugha ile tukio lilipotokea, kana kwamba unamweleza dada yako. Baadaye ndipo uandike kwa lugha ya maombi. Anayeanza moja kwa moja kwenye lugha ya kigeni huishia kuandika sentensi alizowahi kuzisoma badala ya mambo aliyoyaona.

Hatua ya pili: chagua machache

Daftari likishajaa, chagua matukio mawili, yasizidi matatu. Herufi 5,300 hazitoshi kwa saba. Ukilazimisha, kila moja litapata mistari minne na msomaji hatabaki na hata moja.

Njia ya kuchuja ni hii. Chukua tukio ulilolipenda, kisha ujiulize kama lingefaa pia kwenye maombi ya uuguzi, ualimu au ustawi wa jamii. Kama lingefaa bila kubadilisha neno, bado halijajibu swali. Si kwamba kazi hizo ni ndogo. Wauguzi hukaa na mgonjwa muda mrefu kuliko daktari, na mwombaji anayeandika kana kwamba udaktari uko juu ya uuguzi anajiharibia papo hapo, maana kwenye kamati wamo watu waliofanya kazi na wauguzi maisha yao yote. Unachotafuta ni pale kazi ya daktari yenyewe ilipokugusa: kukusanya dalili zisizoeleweka na kuzipa jina, kuamua bila uhakika kamili, kubeba lawama ya uamuzi huo, kumweleza mtu habari asiyotaka kuisikia, kuunganisha elimu ya mwili na maisha ya mtu aliyeketi mbele yako. Tukio lako likigusa mojawapo ya hayo, likamate.

Hadithi za utotoni zinahitaji tahadhari. Mwaka 2007 UCAS ilipochunguza insha za waombaji ili kubaini zilizonakiliwa, ilikuta waombaji 234 wakisimulia kisa kile kile cha kuunguza nguo za kulalia wakichezea vifaa vya kemia walipotimiza miaka minane. Walikuwa wamekinakili kutoka kwenye insha ya mfano. Leo maandishi yote yanayoingia UCAS hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha, na chuo huarifiwa panapofanana. Lakini hata kisa chako cha kweli cha utotoni kina udhaifu: mtoto wa miaka minane hajui udaktari ni nini. Kitaje kwa sentensi moja kama ni lazima, kisha uje kwenye umri ambao ulikuwa unaweza kuamua.

Na ugonjwa wako, au wa mzazi wako? Hilo ni jambo zito, na wengi hulazimika kulisema kwa sababu ndilo lililowaleta hapa. Lisimuliwe. Lakini angalia kama kwenye simulizi hilo una kazi yoyote unayoifanya, au umekaa tu pembeni ukiumia. Huzuni inamfanya msomaji akuonee huruma, ila haimwambii kama utakuwa daktari mzuri. Anayesema mama yake aliugua figo, kisha akaeleza jinsi alivyojifunza kusoma majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, akaanza kuuliza maswali kliniki, na miaka michache baadaye akajitolea kwenye kitengo cha kusafisha damu akakutana na wagonjwa wasiofanana kabisa na mama yake, huyo ameliondoa jambo kwenye msiba na kulifikisha kwenye uamuzi. Kama kidonda bado kibichi kiasi kwamba huwezi kukiandika bila kulia, kiache mpaka upate nguvu. Una haki ya kutokukiandika kabisa.

Hatua ya tatu: rasimu ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo insha nyingi hufia. Hii ni aya ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara:

"Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kuwasaidia watu. Nilipojitolea hospitalini nilijifunza umuhimu wa huruma, mawasiliano mazuri na ushirikiano. Niliwaona wagonjwa wengi wakiteseka, na nikatambua kwamba udaktari ndio wito wangu."

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba hatujaona hospitali, hatujaona mgonjwa hata mmoja, na huruma imetajwa lakini haijatendwa. Ukimkalisha mwandishi wake ukamuuliza, "Ulikuwa unafanya nini hasa wodini?", unaweza kupata hii:

"Kazi yangu wodini ilikuwa kugawa maji ya kunywa na kukusanya sahani. Bibi mmoja mwenye kidonda cha kisukari mguuni aliniambia kila asubuhi kwamba vidonge ameshameza. Siku moja, nilipokuwa nainua sahani yake, niliviona vimeviringishwa kwenye tishu chini ya mto. Nikamuuliza. Akasema vinamtia kichefuchefu, na hakutaka kumkera daktari aliyekuwa mwema kwake. Nilimwomba ruhusa nimwambie muuguzi, akakubali. Daktari alipokuja hakumgombeza. Alivuta kiti, akamuuliza huwa anakula saa ngapi, kisha akapunguza kipimo na kuagiza vidonge vimezwe pamoja na chakula. Mpaka siku ile nilidhani kazi ya daktari inaishia kwenye kujua dawa. Pale nilimwona akitafuta sababu ya dawa kutomezwa, na akabadilisha matibabu kwa sababu ya jibu alilolipata."

Angalia kilichobadilika. Mwombaji hajajipa ushujaa. Alikuwa anakusanya sahani, na anasema hivyo. Aliona, akauliza, akaomba ruhusa, akampa taarifa mwenye kazi. Kwa matendo hayo manne tumeshajua kwamba ni mwangalifu, anaheshimu wagonjwa na anajua mipaka yake, bila yeye kuzitaja hizo sifa. Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazojibu "kwa nini daktari": zinaonyesha alichokuwa akidhani, alichokiona, na mahali tofauti ilipo. Tukio bila sentensi hizo lingekuwa kisa kizuri tu. Wengi huishiwa nafasi wakisimulia, kisha tafakuri ikapata mstari mmoja. Ukimaliza rasimu, pitia na kalamu mbili za rangi, moja kwa yaliyotokea na nyingine kwa uliyoyafikiri kutokana nayo. Rangi ya pili ikikosekana kwenye aya nzima, rudi hapo.

Mipaka ninayoisema ina uzito wake. Ukijisifu kwamba ulipokuwa unajitolea mahali fulani ulishona kidonda, ulidunga sindano au ulimzalisha mama kabla hujasomea lolote, msomaji ambaye ni daktari hatavutiwa. Ataogopa. Atajiuliza nani alikuruhusu na mgonjwa alijua nini. Vilevile siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Usitaje jina wala jina la hospitali, na kama ugonjwa wake ni wa nadra au kisa chake kinajulikana, badilisha vitu vidogo visivyogusa maana ili asitambulike. Anayevujisha siri ya mtu kwenye insha ya kuombea udaktari amejijibia swali vibaya.

Hatua ya nne: mwanzo na mwisho

Muundo hauhitaji ufundi mkubwa. Ingia kwenye tukio la kwanza bila utangulizi, eleza lilikupeleka wapi, nenda kwenye la pili lililoongeza au lililopinga la kwanza, kisha sema sasa unaelekea wapi. Kinachounganisha ni mabadiliko ya fikra zako. Kama aya ya tatu ingeweza kuhamishwa ikawa ya pili bila kudhuru kitu, basi uzi umekatika, na dawa yake mara nyingi ni sentensi moja mwanzoni mwa aya inayosema swali gani lilibaki baada ya tukio lililotangulia.

Mwanzo wa damu na ving'ora umezoeleka mno. Haukatazwi, ila msomaji ameshauona asubuhi hiyo hiyo. Mwanzo wa utulivu wenye kitu kimoja kinachoonekana wazi hufanya kazi nzuri zaidi. Nukuu za watu mashuhuri ziache. Unatumia herufi zako chache kwa maneno ya mtu mwingine.

Mwishoni usiahidi kutokomeza saratani. Sema jambo la ukubwa wako: aina ya wagonjwa unaowafikiria, swali unalotaka kuendelea kulifuatilia, au namna ya kufanya kazi unayotaka kujifunza. Huhitaji kuwa umeshachagua ubingwa. Anayesema kwa uhakika kwamba atakuwa bingwa wa upasuaji wa moyo kabla hajaingia darasa la anatomia huonekana hajaona mengi.

Hatua ya tano: usirudie yaliyoko kwingine

Kwenye AMCAS kuna sehemu ya kazi na shughuli yenye nafasi 15, kila moja ikiwa na maelezo ya hadi herufi 700, na tatu kati ya hizo unaweza kuziteua kuwa zenye maana zaidi ukaziongezea maelezo ya hadi herufi 1,325. Kwa hiyo insha haina mzigo wa kubeba kila cheti na kila klabu. Kama tukio limeshika nafasi kubwa kwenye insha, kule kwenye orodha lieleze kwa upande mwingine: kazi zako za kila siku, watu uliofanya nao, kilichofanikiwa na kilichogoma.

Alama mbaya za muhula fulani zinaweza kuelezwa, kwa sentensi mbili au tatu: nini kilitokea, ulibadilisha nini, na matokeo yaliyofuata yanaonyesha nini. Usimlaumu mwalimu. Na kama maisha yalikuwekea vikwazo vikubwa, AMCAS ina sehemu ya hiari ya herufi 1,325 kwa ajili hiyo. Itumie, uiachie insha kuu nafasi ya kupumua.

Hatua ya sita: lugha, na kukata

Rasimu yako ya kwanza itazidi kikomo, na ni vizuri izidi. Kata kwa utaratibu. Anza na aya ya kwanza nzima: ifunike kwa kiganja usome kuanzia ya pili. Mara nyingi insha huanzia hapo. Kisha tafuta maneno yanayotaja sifa, kama vile shauku, ustahimilivu, uongozi na kujituma, na kwa kila moja uliza kama kuna tendo jirani linaloonyesha sifa hiyo. Likiwepo, neno halina kazi. Lisipokuwepo, neno halitakuokoa. Baada ya hapo tafuta sentensi zinazomweleza msomaji mambo anayoyajua, kwa mfano kwamba udaktari ni kazi ngumu au kwamba afya ni muhimu. Anayesoma insha yako ameshakesha zamu nyingi za usiku.

Maneno ya kawaida yanatosha. Wanaoandika kwa lugha ya pili au ya tatu hupata kishawishi cha kufungua kamusi ya visawe na kupachika maneno mazito, na matokeo yake ni sentensi ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuitamka bila kujikwaa. Isome insha yote kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, andika upya kama ambavyo ungemwambia mtu. Sentensi fupi na sahihi kwa lugha ya kigeni zina heshima yake, na hakuna kamati inayomnyima mtu nafasi kwa sababu ameeleweka upesi.

Programu za akili bandia zinaweza kukusaidia kupata maswali ya kujiuliza au kuonyesha makosa ya sarufi. Kuzikabidhi uandishi ni jambo jingine. Mwombaji wa AMCAS huthibitisha kwamba maandishi ya mwisho ni kazi yake na yanaakisi uzoefu wake, na UCAS nayo hudai tamko kwamba hukunakili wala kuandikiwa, hata na programu hizo. Ukiacha kanuni, kuna hasara ya wazi zaidi: programu haikuwepo wodini. Itakuandikia ile aya ya kwanza niliyoionyesha hapo juu, kwa lugha laini zaidi.

Hatua ya saba: wape watu wachache wasome

Watatu wanatosha. Mmoja akujue vizuri, aweze kukwambia "hapa hujasikika wewe". Mmoja awe anafanya kazi ya tiba, akusahihishe panapokuwa na kosa la kitaalamu. Mmoja asikujue kabisa. Usiwaulize kama ni nzuri, maana watasema ni nzuri. Waulize: baada ya kusoma, mimi ni mtu wa namna gani? Ni wapi ulichoka? Ni kitu gani unakikumbuka bila kuangalia tena karatasi? Majibu ya swali hilo la mwisho yakitofautiana sana na ulichokusudia, una kazi ya kufanya.

Ukiwapa watu kumi, kila mmoja ataondoa neno moja na kuongeza lake, na utabaki na insha isiyo na mwenyewe. Wasomaji wakipingana, wewe ndiye mwamuzi.

Hatua ya nane: insha za ziada

Marekani, ukishatuma maombi ya kwanza, vyuo vingi hukutumia maswali yao wenyewe, na yanaweza kufika kwa wingi ndani ya kipindi kifupi. Wengi huyarudisha ndani ya wiki mbili, kwa sababu vyuo vingi hupitia maombi kadiri yanavyoingia. Maswali yenyewe hurudiarudia: changamoto uliyoishinda, kitu utakachowaongezea wanafunzi wenzako, ulichokifanya baada ya kumaliza shahada, na kwa nini chuo hiki. Manne hayo yaandae mapema.

La "kwa nini chuo hiki" ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu hujibu kwa kusifia jengo na sifa ya chuo. Tafuta kitu kimoja au viwili ambavyo chuo hicho hufanya tofauti, kwa mfano wanafunzi kuanza kliniki mwaka wa kwanza, zahanati inayoendeshwa na wanafunzi, au mafunzo ya kuhudumia wagonjwa wa vijijini, kisha uvifunge na jambo ulilokwisha kulifanya. Kabla ya kutuma, tafuta kwenye faili majina ya vyuo vingine vyote unavyoomba. Jina la chuo kingine kubaki kwenye jibu ni kosa la kawaida sana, na ni vigumu kulisamehe.

Hatua ya mwisho: kutuma

Fomu za maombi hupokea maandishi matupu. Herufi nzito, mlalo na nafasi za pembeni hupotea, na alama za kunukuu zilizopinda zinaweza kugeuka vitu visivyosomeka. Bandika insha kwenye programu ya maandishi matupu kwanza, kisha uihamishie kwenye fomu, na uisome tena ukiwa ndani ya fomu hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hesabu ya herufi ya kompyuta yako inaweza kutofautiana kidogo na ya mfumo, kwa hiyo jiachie nafasi kidogo badala ya kugusa kikomo. Kwenye AMCAS, ukishatuma huwezi kuibadilisha insha, hata kwa kosa dogo la tahajia.

Hifadhi nakala ya kile ulichotuma, pamoja na daftari lako la matukio. Ukiitwa kwenye usaili, anayekuhoji anaweza kuwa ameisoma insha asubuhi ileile, na swali lake huenda likawa dogo tu: yule bibi baadaye alimeza dawa?